Joseph Conrad na Riwaya Iliyogoma

Katika fakulti za lugha jina la Joseph Conrad hutajwa zaidi kwa sababu ya Heart of Darkness, na mara nyingi kwa ubishi. Mimi nataka kumweleza kwa upande usiozungumzwa sana: mwandishi ambaye kalamu yake ilikwama kwa miaka. Wengi wetu tunaoandika hadithi hapa Kolwezi tunaujua ugonjwa huo. Ukurasa wa kwanza unatoka, wa pili unakataa. Nimeyasoma maisha yake nikitafuta jambo moja: ni kitu gani kilichomkwamua?

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1857 Berdychiv, mji ambao leo uko Ukraine, katika ukoo wa Wapolandi. Jina lake la nyumbani lilikuwa Józef Teodor Konrad Korzeniowski. Baba yake alikuwa mshairi na mfasiri, na utawala wa Urusi ulimpeleka uhamishoni pamoja na mkewe na mtoto. Mama alifariki 1865, baba 1869. Mjomba wake alimsaidia, na 1874 kijana akaenda Marseille kuwa baharia. Kipolandi kilikuwa lugha ya mama, Kifaransa lugha ya shule. Kiingereza alikipata melini, akiwa na miaka 20 hivi, na ndicho alichokichagua kwa vitabu vyake vyote. Sisi tunaonunua sokoni kwa Kiswahili, tunaofanya mtihani kwa Kifaransa na kuwasalimu bibi zetu kwa lugha nyingine, tunaelewa uzito wa uamuzi huo.

Riwaya yake ya kwanza, Almayer's Folly, aliianza London 1889. Mwaka uliofuata alipata kazi katika kampuni ya Kibelgiji iliyofanya biashara Kongo ya juu, akaubeba mswada huo safarini. Juni 1890 alifika Matadi, akatembea kwa miguu hadi Kinshasa, kisha akapanda mto kwa meli ndogo iliyoitwa Roi des Belges mpaka maporomoko ya Stanley, yaani Kisangani ya leo. Hapo ndipo Lualaba yetu, ile inayojaza ziwa Nzilo karibu na Kolwezi, inapoacha jina lake na kuitwa Kongo. Katanga hakufika. Aliugua homa na kuhara damu, akarudi Ulaya akiwa amevunjika afya, macho yake yakiwa yameona jinsi watu walivyoteswa katika nchi iliyomilikiwa na mfalme Leopold.

Almayer's Folly ilitoka 1895. Machi 1896 alioa, na wakati huohuo akaanza riwaya ya mabaharia katika bahari za Malaya, ile iliyokuja kuitwa The Rescue. Hiyo ndiyo iliyogoma. Haki ya kuichapisha Marekani ilikuwa imeshauzwa, madeni yalikuwa yanamsonga, mtoto alizaliwa 1898, na kitabu hakisogei. Mwaka huo alimwandikia rafiki yake Edward Garnett, aliyekuwa msomaji wa miswada, kwamba alikaa mezani saa nane kila siku, akatoa sentensi tatu, kisha akazifuta kabla ya kuinuka.

Tukumbuke kwamba mtu huyu alikuwa ameshachapisha riwaya kadhaa, na miaka karibu 20 ya bahari ilikuwa imejaa kichwani mwake. Habari za kuandika alikuwa nazo tele. Kwa maoni yangu, alikosa msimulizi. The Rescue inasimuliwa na sauti iliyo juu ya kila mtu, na kwa mwandishi anayeipima kila sentensi katika lugha yake ya tatu, sauti hiyo ilikuwa mzigo.

Katikati ya 1898 aliandika hadithi fupi, Youth. Ndani yake alimweka baharia aitwaye Marlow, anayewasimulia wenzake wakiwa wameketi mezani. Baadaye mwaka huo alihamia Pent Farm, katika jimbo la Kent, akaanza kushirikiana na mwandishi kijana, Ford Madox Ford. Desemba akamwita Marlow tena, akamketisha ndani ya mashua kwenye mto Thames, na safari ya Kongo, ambayo 1896 aliigusa katika hadithi An Outpost of Progress, ikamwagika. Mwanzoni mwa Februari 1899 Heart of Darkness ilikuwa tayari. Marlow huyohuyo akabeba sehemu kubwa ya Lord Jim, iliyotoka 1900. Mara tu alipojua nani anasema, anamwambia nani na usiku gani, kalamu ilitembea.

Lakini msimulizi huyo ana gharama yake. Mwaka 1975 Chinua Achebe, katika mhadhara aliotoa Marekani, alimshutumu Conrad kwa kuwafanya Waafrika kuwa mandhari tu. Hoja hiyo inatuhusu kuliko wasomaji wengine, kwa sababu mto ni wetu. Mdomo wa Marlow ulimfungulia Conrad kazi yake, na katika kitabu hicho watu wa kingo za mto karibu hawasemi. Kuchagua msimulizi ni pia kuchagua atakayenyamazishwa.

Mimi nina hadithi ya mtaa mmoja wa wachimbaji ambayo kwa mwaka mzima ilisimama kwenye ukurasa wa nne, ikisimuliwa kwa sauti ya kitabu cha shule. Baada ya kumsoma Conrad nilimpa hadithi hiyo mama anayeuza ugali kwenye njia ya mgodi, anayemsimulia shangazi yake. Sasa iko ukurasa wa kumi na moja, na ninajua wapi inaelekea. Sidhani dawa hii inaponya kila mkwamo, maana uchovu na njaa pia hukausha kalamu. Ila anayekwama na ajiulize kwanza hadithi yake inatoka mdomoni mwa nani.

Conrad hakuitupa The Rescue. Aliirudia akiwa na miaka 60, akaimaliza 1919, na kitabu kikatoka 1920, karibu robo karne tangu kilipoanzwa. Alifariki tarehe 3 Agosti 1924 nyumbani kwake karibu na Canterbury, akiacha mezani riwaya nyingine, Suspense, ambayo haikukamilika.