Alfred Wegener: Jamaa wa Hali ya Hewa Aliyesema Mabara Yanatembea, Akachekwa Hadi Akadedi

Unakumbuka Machi 2018, mvua ikinyesha vibaya, ufa ukatokea Mai Mahiu na kukata barabara ya kwenda Narok? Mtandaoni kila msee aligeuka mwanajiolojia. Kuna watu walikuwa washaanza kugawa Afrika vipande viwili. Wataalamu wengi wakatuliza watu, wakasema ule ufa ulikuwa zaidi kazi ya maji ya mvua kuosha majivu ya volkeno yaliyolegea huko chini. Lakini ile stori kubwa hawakuikataa. Bonde la Ufa kweli linapanuka, milimita chache kila mwaka, na bonde kama hilo likiendelea hivyo kwa mamilioni ya miaka, mwishowe maji huingia na kunakuwa bahari.

Leo hata mtoi wa shule anajua hiyo. Lakini rudi nyuma miaka 100 hivi. Ungesimama mbele ya wasomi useme bara linatembea, wangekuona umechizi. Kuna jamaa alisimama akasema. Anaitwa Alfred Wegener, na kama hujawahi kuskia maisha yake, kaa hapo kidogo.

Mtoto wa pasta asiyetulia

Wegener alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 1 Novemba 1880. Ndiye alikuwa kitinda mimba kwa watoto watano. Mbuyu wake alikuwa pasta na mwalimu wa lugha za kale, kwa hivyo nyumbani ni vitabu tu. Kijana akasomea nyota, na 1905 akapata digrii yake ya udaktari.

Sasa ungedhani atakaa chini afungue darubini. Wapi. Jamaa alikuwa anapenda upepo, mawingu na barafu, vitu unaenda kukutana navyo mwenyewe. Aprili 1906, yeye na brathe yake Kurt waliingia kwa baluni wakakaa hewani masaa 52 na nusu. Hiyo ilikuwa rekodi ya dunia. Mwaka huo huo akajiunga na msafara wa Wadenmaki kwenda Greenland, kisiwa kikubwa huko kaskazini ambacho karibu chote ni barafu. Kiongozi wa msafara na wenzake wawili walikufa huko. Wegener akarudi 1908 na kuanza kufunza katika Chuo Kikuu cha Marburg. Somo lake? Hali ya hewa. Shika hiyo vizuri, ju ndiyo itakuja kumletea noma.

Atlasi ya Krismasi

Karibu na Krismasi ya 1910, rafiki yake alikuwa amepata atlasi mpya. Wakaifungua. Wegener akacheki ramani ya Atlantiki, akaona vile pwani ya Brazil inaingiana na pwani ya Afrika Magharibi. Hakuwa wa kwanza kuona hiyo kitu, watu walikuwa wameiona karne kadhaa kabla yake. Tofauti ni kwamba hawa wengine waliona, wakashangaa, wakafunga kitabu.

Mwaka uliofuata akakutana na ripoti iliyoonyesha mabaki ya wanyama na mimea wa zamani sana, wa aina moja, yakipatikana pande zote mbili za bahari. Wasomi wa wakati huo walikuwa na jibu lao: ati kulikuwa na madaraja ya ardhi yaliyounganisha mabara, halafu yakazama. Wegener akaona hiyo haishiki. Mawe ya mabara ni mepesi kuliko mawe ya chini ya bahari. Kitu chepesi kitazama vipi kwa kitu kizito? Kwake jibu lilikuwa rahisi zaidi, ingawa lilikuwa la kutisha: mabara yenyewe ndiyo yalikuwa yameshikana, halafu yakaachana.

Fikiria noti ya shilingi 1,000 imeraruka katikati. Ukitaka kujua kama vipande viwili ni vya noti moja, huangalii tu kama kingo zinaingiana. Unaangalia kama mchoro na maandishi yanaendelea upande wa pili. Hivyo ndivyo Wegener alifanya. Alionyesha kwamba kuna mnyama mdogo wa majini, wa kufanana na kenge, anaitwa Mesosaurus. Mifupa yake ilipatikana Brazil na kusini mwa Afrika, na hakuwa mtu wa kuogelea Atlantiki nzima. Akaonyesha alama za barafu ya kale India na Afrika Kusini, mahali leo barafu unapata kwa friji tu. Akaonyesha makaa ya mawe huko Spitsbergen, karibu na ncha ya kaskazini, na makaa hutoka kwa misitu iliyokuwa inapata joto.

Tarehe 6 Januari 1912 alisimama mbele ya wanajiolojia Frankfurt akawaambia hayo yote. Alikuwa na miaka 31.

Barafu, harusi, risasi

Ungekuwa ni wewe ungekaa utetee jina lako. Yeye alirudi Greenland. Yeye na rafiki yake Koch walivuka barafu na farasi. Farasi wakaisha, chakula kikaisha, wakala hadi mbwa wao, na ni pasta mmoja wa huko aliyewakuta wakiwa karibu kukata kamba.

Alipofika nyumbani 1913 akamwoa Else, binti ya Wladimir Köppen, mtaalamu mkubwa wa tabianchi. Mwaka mmoja baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza. Wegener akaitwa jeshini na kupigwa risasi mara mbili. Alipokuwa anauguza vidonda, akaandika. Kitabu chake kuhusu asili ya mabara na bahari kilitoka 1915, na aliendelea kukirekebisha na kukitoa upya hadi 1929.

Wazito wakamwangukia

Kitabu kilipotafsiriwa kwa Kiingereza 1924, moto ukawaka. Wanajiolojia wa Uingereza na Marekani walimchapa kweli kweli. 1926 kulikuwa na mkutano mzima New York wa kujadili mawazo yake, na wengi waliosimama walisimama kumpinga. Kosa kubwa alilosomewa ni kwamba huyu ni mtu wa hali ya hewa, anaingia aje kwa mambo ya mawe? Kwao nchini hakupata kiti cha uprofesa. Alikipata 1924 huko Graz, Austria.

Lakini tuwe wakweli hapa, ju ni rahisi kugeuza hii stori ikuwe ya shujaa na maadui. Wale wazee hawakuwa mafala. Waliuliza swali moja la maana: ni nguvu gani inasukuma bara zima? Wegener alijaribu kujibu. Alitaja mzunguko wa dunia na mvuto wa mwezi na jua. Mwingereza Harold Jeffreys akapiga hesabu akaonyesha hizo nguvu ni ndogo mno. Na kweli ni ndogo. Pia vipimo ambavyo Wegener alitegemea kuhusu mwendo wa Greenland vilikuwa na makosa, vikafanya kisiwa kionekane kinakimbia mita nyingi kwa mwaka. Kwa hivyo jamaa alijua nini kimetokea, lakini hakujua kimetokea aje. Na kwa sayansi hiyo nusu ya pili ikikosekana, watu wana haki ya kukuuliza.

Shida ni kwamba wengi hawakuishia kuuliza. Walitupa hadi ile nusu aliyokuwa ameipata. Wachache tu walibaki upande wake. Mmoja ni Alexander du Toit wa Afrika Kusini, ambaye alienda mwenyewe Amerika Kusini akalinganisha mawe ya huko na ya kwao.

Safari ya mwisho

1930 Wegener akarudi Greenland, sasa kama kiongozi. Alikuwa ameweka kituo katikati ya barafu, kilomita 400 hivi kutoka pwani. Huko kulikuwa na watafiti ambao wangekaa kipindi chote cha baridi, na hawakuwa na vitu vya kutosha. Septemba tarehe 21 akatoka pwani na mzigo, pamoja na mwenzake Fritz Loewe na Wagreenland 13, mikokoteni ya theluji ikivutwa na mbwa. Hali ilikuwa mbaya hadi karibu wote wakarudi. Aliyebaki nao ni kijana mmoja wa miaka 20 na kitu, anaitwa Rasmus Villumsen.

Walifika Oktoba 30. Vidole vya miguu vya Loewe vilikuwa vimeganda, ikabidi vikatwe na kisu kidogo cha mfukoni bila dawa ya ganzi. Chakula hakikuwa cha kutosha watu wote. Kwa hivyo Novemba tarehe 1, siku Wegener anatimiza miaka 50, yeye na Rasmus wakageuka kurudi pwani.

Hawakufika. Mei 1931 mwili wa Wegener ulipatikana njiani, umezikwa vizuri kwa theluji ndani ya begi lake la kulalia, mbao zake za kuteleza zikiwa zimesimamishwa kama alama. Walioukuta walidhani moyo ulikataa kwa uchovu. Aliyemzika ni Rasmus, halafu akaendelea peke yake gizani. Hakuonekana tena hadi leo. Ukisimulia hii stori mahali, litaje na jina lake.

Ushahidi ulikuwa chini ya maji

Jibu la lile swali la nguvu lilikuwa limejificha mahali Wegener hangeweza kuona, chini ya bahari. Miaka ya 1950 Mmarekani Marie Tharp alikuwa anachora ramani ya sakafu ya Atlantiki kwa vipimo vya meli. Akaona safu ndefu ya milima katikati ya bahari, na juu yake kuna bonde. Lilifanana na Bonde letu la Ufa. Mwenzake kazini alimpuuza mwanzoni, hadi ramani ya matetemeko ilipowekwa juu ya yake na zikaingiana.

Kutoka hapo mambo yakafunguka. 1962 Harry Hess akaeleza kwamba mawe ya moto hupanda pale katikati, yanaganda, yanakuwa sakafu mpya na kusukumwa pembeni. 1963 Vine na Matthews wakaonyesha alama za sumaku kwa mawe hayo zinakubaliana na hiyo. Cheki ule mkanda wa kaunta ya supamaketi: unatokea upande mmoja, unabeba unga wako, halafu unazama upande wa pili. Sakafu ya bahari ni hivyo. Inazaliwa katikati, inapoa, inakuwa nzito, halafu inazama kwenye mitaro mirefu kama ile inayozunguka Pasifiki. Bara ni ule unga, linabebwa tu. Halihitaji kulima njia ndani ya mawe kama wapinzani wa Wegener walivyofikiria.

Ndiyo maana bahari huzaliwa na kufa. Bahari ya Shamu bado changa. Atlantiki iko katikati ya maisha, inapanuka kwa sentimita chache kila mwaka, mwendo wa kucha kukua. Bahari ya Tethys, iliyokuwa kati ya Afrika, India na Asia, ilifunga kabisa upande wa India, ndiyo maana kileleni Everest kuna mawe yenye mabaki ya viumbe vya baharini. Hata Madagascar iliwahi kushikana na pwani ya Kenya, Somalia na Tanzania kabla Bahari ya Hindi haijaingia kati.

Kufika mwisho wa miaka ya 1960, wanajiolojia wengi walikuwa wamekubali. Wegener alikuwa amefariki karibu miaka 40.

Mwili wake haukurudishwa nyumbani, bado uko ndani ya ile barafu. Na Greenland, pamoja na yeye ndani, inaendelea kuachana na Ulaya kwa karibu sentimita 2 kila mwaka. Siku hizi setilaiti zinapima mwendo huo bila shida. Ukipata atlasi leo, fungua ukurasa wa Atlantiki ujionee mwenyewe, halafu tuambie: ungekuwa kwa ule mkutano wa New York 1926, ungesimama upande gani?