Robert Wangila Napunyi: Bondia wa Dhahabu na Raundi Yake ya Mwisho

Jina Wangila si geni kwa yeyote aliyelelewa Bungoma au Kitale. Kwa desturi ya Wabukusu, mtoto wa kiume anayezaliwa mamaye akiwa njiani huitwa Wangila, naye wa kike huitwa Nangila. Mwanafunzi wa isimu atatambua mara moja kwamba engila ya Kibukusu na njia ya Kiswahili ni neno moja la Kibantu, ila Kiswahili kimedondosha sauti ya l ambayo wenzetu wameihifadhi. Akina Wangila ni wengi vijijini mwetu: walimu, wakulima wa miwa, makondakta wa matatu. Hata hivyo, wazee wanapozungumza habari za michezo wakalitaja jina hilo pekee, bila la pili, hakuna anayeuliza ni Wangila yupi.

Huyo anayetajwa ni Robert Wangila Napunyi, aliyezaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Yafaa tukiri hapa kwamba sisi wa Magharibi humdai kwa jina kuliko kwa makazi. Alikuwa mtoto wa jiji, na ni jiji lililomfunza ndondi. Katika miaka ya sabini na themanini, mitaa ya mashariki ya Nairobi ilikuwa na kumbi za kijamii ambamo vijana walifundishwa masumbwi jioni, na aliyeonyesha kipaji aliweza kupata nafasi katika vilabu vya idara za serikali kama vile Magereza na Jeshi. Ndondi za ridhaa hazikuwa na donge nono la fedha. Zilikuwa na heshima, safari za nje, na pengine ajira.

Wangila aliingia katika mchezo uliokuwa tayari na historia nchini. Philip Waruinge alikuwa amepata nishani ya shaba mjini Mexico mwaka 1968, na juu yake akatunukiwa tuzo ya Val Barker, ambayo hupewa bondia mwenye ufundi bora katika Olimpiki nzima. Miaka minne baadaye, mjini Munich, Waruinge alipata fedha, nao Dick Murunga na Samuel Mbugua wakapata shaba. Kisha pakaja ukimya. Kenya ilisusia michezo ya Montreal ya mwaka 1976 na ile ya Moscow ya mwaka 1980, na kizazi kizima cha mabondia kikazeeka bila kuonekana na ulimwengu. Ibrahim Bilali aliuvunja ukimya huo kwa shaba ya Los Angeles mwaka 1984. Dhahabu, hata hivyo, ilikuwa haijapatikana. Clement Quartey wa Ghana alikuwa ameikosa katika fainali ya mwaka 1960, na John Mugabi wa Uganda akaikosa katika ile ya mwaka 1980. Ilikuwa kana kwamba bondia mweusi kutoka barani mwetu aliandikiwa kufika mlangoni na kurudi.

Mwaka 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, na timu ya ndondi ya Kenya, iliyofahamika kwa jina la Hit Squad, ikawatamba wapinzani mbele ya mashabiki wa nyumbani. Wangila alikuwa miongoni mwa waliotwaa dhahabu. Mwaka uliofuata, kikosi kilipoelekea Seoul, ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka 21. Huku nyumbani Bungoma mwaka huo ulikuwa wa tohara, kwani Wabukusu hutahiri katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na vijana waliokwisha kusimama mbele ya ngariba mwezi wa Agosti bila kupepesa jicho walikuwa bado wakipona vidonda vyao wakati michezo ya Seoul ilipofunguliwa. Nitairudia habari hii ya kusimama bila kupepesa jicho.

Katika uzani wa welta, usiozidi kilo 67, Wangila aliwapita wapinzani wake mmoja baada ya mwingine. Katika nusu fainali alipaswa kukutana na Jan Dydak wa Poland, lakini pambano hilo halikufanyika na Wangila akapita bila jasho. Alipoingia fainali alimkuta Laurent Boudouani wa Ufaransa, kijana mrefu wa mwili na mwepesi wa mikono. Raundi ya pili haikumalizika. Wangila alimwangusha kwa KO.

Namna ya ushindi huo ina uzito wake. Ndondi za Seoul zilichafuliwa na majaji. Katika fainali hizo hizo, Roy Jones wa Marekani alimpiga Park Si-hun wa Korea Kusini raundi zote tatu na bado akanyang'anywa ushindi kwa kura za majaji, kashfa iliyochangia mfumo wa kuhesabu alama kubadilishwa baadaye. Bondia wa nchi ndogo isiyo na sauti katika mashirikisho ya kimataifa alikuwa na njia moja tu ya kuwa na hakika: kutowaachia majaji kazi yoyote. Wangila alifanya hivyo. Wanaodai kwamba alikuwa mtu wa nguvu tu asiye na hesabu wangefaa kulikumbuka jambo hili. Na Boudouani hakuwa mpinzani wa kubahatisha, kwani mwaka 1996 alitwaa ubingwa wa dunia wa WBA katika uzani wa juu ya welta na kuushikilia hadi mwaka 1999.

Kenya ilirudi kutoka Seoul na dhahabu tano. Nne zilikuwa za wanariadha: Paul Ereng, mzaliwa wa Kitale, katika mita 800, Peter Rono katika mita 1500, John Ngugi katika mita 5000 na Julius Kariuki katika kuruka viunzi na maji. Ya tano ilikuwa ya Wangila. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuipatia nchi ya Afrika dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Aidha, hadi kufikia michezo ya Paris ya mwaka 2024, hakuna Mkenya mwingine aliyepata dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Shaba ya Chris Sande, iliyopatikana Seoul pia, ndiyo ilikuwa nishani ya mwisho ya ndondi pamoja na dhahabu hiyo.

Mwaka 1989 Wangila alijiunga na ndondi za kulipwa na kuhamia Marekani. Hapa simulizi nyingi hukimbia, na mimi pia sitakaa sana. Alishinda mapambano mengi, mengi yakiwa kwa KO, akashindwa machache, wala hakupata ubingwa wa dunia. Lililo muhimu zaidi ni tofauti ya ulingo. Seoul alipigana raundi tatu akiwa na kofia ya kukinga kichwa. Katika ndondi za kulipwa kofia haivaliwi, glavu huwa nyembamba, na raundi huweza kufika kumi au kumi na mbili. Kichwa ni kile kile, ila makonde yanayokifikia huongezeka mara kadhaa.

Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, Wangila alipambana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa mwamuzi Joe Cortez alilisimamisha pambano na kumpa Gonzales ushindi. Wangila alikataa. Alilalamika kwamba bado angeweza kuendelea, kwamba amekatizwa mapema. Alirudi katika chumba cha kubadilishia nguo, na huko akazimia. Hakuzinduka tena. Alifariki tarehe 24 Julai, zikiwa zimesalia wiki chache atimize miaka 27.

Nimesikia kisa hiki kikisimuliwa Bungoma mara nyingi, na karibu kila mara msimulizi husita penye malalamiko yale kwa fahari. Huyo ndiye Mbukusu, husema, hakupepesa jicho. Kama mwanafunzi wa fasihi naielewa fahari hiyo, maana ndivyo tunavyofunzwa kumsoma shujaa wa utendi. Hata hivyo, naona inatupotosha. Damu inapovuja ndani ya fuvu, huweza kukusanyika polepole ikiubana ubongo, na kwa muda huo mtu huweza kusimama, kutembea na kubisha, ilhali hatari imekwisha kuingia. Malalamiko ya Wangila hayakuwa ushahidi kwamba mwamuzi alikosea. Cortez aliona jambo ambalo bondia mwenyewe hakuwa na uwezo wa kuliona, na bado hatua yake haikumwokoa.

Msomaji atamkumbuka Fumo Liyongo, aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni akaenda kupiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wa mji wakakaa na kiu kwa siku kadhaa wakidhani angali hai. Kisa hicho husomwa aghalabu kama sifa ya Liyongo. Mimi nikiusoma sasa, macho yangu huwaendea wale watu waliosimama mbali, wakimtazama mtu aliyekwisha kufa na kumwona mzima.

Umri wangu leo umeupita ule aliofia Wangila. Nilipomweleza mzee mmoja jirani yetu, karibu na Webuye, kwamba nakusudia kuandika makala haya, aliuliza jambo moja tu: iwapo nitataja kwamba alimaliza pambano la Seoul katika raundi ya pili. Nilimwahidi kwamba nitalitaja.