Johannes Müller: Mwana wa Fundi Viatu Aliyechunguza Sauti ya Mwanadamu

Kila Dominika kwaya zetu humsifu Mwenyezi Mungu kwa nyimbo, lakini ni wachache wanaojiuliza sauti hiyo inazaliwaje kooni. Mmoja aliyelitafuta jibu kwa subira kubwa ni Johannes Müller, mwanasayansi Mjerumani aliyezaliwa tarehe 14 Julai 1801 mjini Koblenz, mahali mto Mosel unapoingia katika mto Rhine.

Baba yake alikuwa fundi viatu. Familia yake ilikuwa ya Kikatoliki, naye utotoni alitamani kuwa padre. Hata hivyo, mwaka 1819 alijiunga na Chuo Kikuu cha Bonn kusomea udaktari, na huko akauona wito wake katika kuchunguza miili ya viumbe hai. Mwaka 1833 aliitwa Berlin kuwa profesa. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo Theodor Schwann, Hermann von Helmholtz na Rudolf Virchow, ambao wote walikuja kuwa wanasayansi mashuhuri.

Mwaka 1839 Müller alichapisha utafiti wake juu ya sauti. Alitwaa zoloto, yaani kisanduku cha sauti, iliyotolewa katika maiti, akaikaza kwenye ubao. Gegedu la mbele, lile tunaloweza kuligusa shingoni, alilifunga uzi wenye vipimo vya uzito, ili uzito huo uvute kama misuli inavyovuta. Kisha akapuliza hewa kutoka chini kwa mrija, kama mapafu yafanyavyo. Nyuzi za sauti, ambazo ni mikunjo miwili ya nyama laini, zikatetemeka na kutoa sauti.

Alipoongeza uzito, nyuzi zilikazika na sauti ikapanda. Lakini aligundua jambo jingine: alipopuliza kwa nguvu zaidi bila kuongeza uzito, sauti ilipanda vilevile. Basi, mwimbaji anayetaka kupaza sauti bila kutoka katika noti yake hana budi kupunguza mkazo wa misuli kadiri anavyoongeza pumzi. Akitaka kuimba noti ileile kwa upole, hupunguza pumzi na kuongeza mkazo. Pumzi na misuli huachiana nafasi. Walimu wa kwaya wanalifahamu hili: anayesukuma pumzi huku amekaza koo huwapanda wenzake, na Misa ikiisha sauti yake imekauka.

Jambo la kutafakarisha ni kwamba usawa huo alioupima kooni, Müller hakuupata kwa urahisi maishani mwake. Alifanya kazi bila kujihurumia. Mwaka 1827, mwaka aliofunga ndoa na Nanny Zeiller, alielemewa na kazi hata akaugua huzuni nzito, akalazimika kuacha kufundisha kwa muda ili apone. Huzuni hiyo ilimrudia tena miaka ya baadaye. Mwaka 1855, akirejea kutoka Norway, meli aliyopanda ilizama. Yeye aliokolewa, lakini mwanafunzi aliyekuwa pamoja naye alikufa maji, na msiba huo ulimwachia jeraha moyoni. Alifariki dunia Berlin tarehe 28 Aprili 1858, akiwa na umri wa miaka 56.

Ndugu zangu, tusimhukumu mtu huyu aliyetufunulia kazi ya ajabu ya Muumba. Tumshukuru Mungu kwa ajili yake, tumwombee raha ya milele. Nasi tujiulize: ni wangapi kati yetu wanaoongeza bidii kila siku bila kulegeza chochote, hata wakaelemewa kimyakimya? Dominika tumepewa ili tupumzike. Na tukimwona ndugu aliyelemewa na huzuni, tusimwambie tu ajikaze. Tukae naye, tumsikilize, tumsindikize kwa wenye ujuzi wa kumsaidia, na tumtaje katika sala zetu.