Makhan Singh: Mkomunisti aliyetaka wafanyakazi wawe kitu kimoja

MIONGONI mwa waasisi wa vyama vya wafanyakazi nchini Kenya, ni wachache walioteseka kwa ajili ya msimamo wao kama Makhan Singh.

Alizaliwa Punjab, India, mwaka 1913 na kuja Nairobi mwaka 1927 kumfuata babake. Mwaka 1935 alichaguliwa katibu wa chama cha mafundi wa Kihindi, na punde si punde milango ya chama hicho ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mgomo wa mwaka 1937, uliodumu siku 62, uliwapatia wanachama nyongeza ya mshahara.

Mwaka 1940 Waingereza walimtia kizuizini alipokuwa India, na hakurejea Kenya hadi 1947. Mei Mosi 1949, yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, Nairobi, alidai uhuru kamili. Alikamatwa mwezi uliofuata, na mahakamani hakuuficha ukomunisti wake. Alizuiliwa Lokitaung, Maralal na Dol Dol hadi Oktoba 1961.

Alipoachiliwa, alikuta wenzake wamegawanyika. Kundi la Tom Mboya lilishirikiana na vyama vya nchi za Magharibi. Wapinzani wao walitaka vyama vya Afrika visifungamane na Magharibi. Mwaka 1965 wafuasi wa pande hizo walipigana hadi watu wakafa. Serikali ilivunja mashirikisho yote mawili, ikaunda COTU na kumpa Rais uwezo wa kuteua katibu mkuu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Singh hakupewa wadhifa wowote mkubwa. Aliandika historia ya vyama hivyo, iliyochapishwa mwaka 1969, na akafariki Mei 1973.

Muungano wa Kisovieti ulisambaratika mwaka 1991, lakini wafuasi wa Marx wangali wakilaumiana kwa misimamo ya enzi hizo. Kijana wa Kiptere anayetafuta kibarua katika mashamba ya chai ya Kericho hapati nafuu yoyote kwa kujua nani aliegemea Moscow na nani Beijing. Linalomgusa ni lile lililoonekana Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilipoteketezwa Kericho: nani anamsemea mchumaji kazi yake inapotoweka?

Ugomvi wa majina umepitwa na wakati. Swali la chama ni mali ya nani, ambalo Singh alilipigania maisha yake yote, lingali bila jibu.