Kamante Gatura: Mpishi wa Ngong aliyewaandalia wakuu meza asiyoweza kuketi

KATIKA mtaa wa Kabiria, eneo la Dagoretti magharibi mwa jiji la Nairobi, mwenye njaa hahitaji kuagiza chakula mapema. Kando ya barabara kuna vibanda vinavyouza chapati na madondo, githeri, ugali na sukuma wiki. Jioni inapoingia, mutura hukatwa juu ya ubao ungali ukifuka moshi. Kilomita chache kutoka hapo, mtaani Karen, mambo ni mengine kabisa. Huko kuna mikahawa iliyozungukwa na bustani, meza zenye vitambaa vyeupe, mvinyo kutoka ng'ambo, na maduka ya baga ambamo vijana hufurika mwisho wa wiki.

Si wengi kati ya wanaokula huko wanaofahamu kwamba zaidi ya miaka 90 iliyopita, kabla Karen haujawa mtaa, palikuwa na kijana wa Kikuyu aliyevuma katika koloni nzima kwa mapishi ya Kizungu. Hakujua kusoma wala kuandika. Hakuwa ameona mkahawa wowote wa Ulaya. Hata vyakula vyenyewe alivyovipika hakuvipenda. Jina lake lilikuwa Kamante Gatura.

Kamante alizaliwa yapata mwaka 1912. Jamaa yake iliishi kama maskwota katika shamba la kahawa chini ya milima ya Ngong, lililokuwa likisimamiwa na Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyewasili nchini Januari 1914. Shamba hilo lilikuwa na ukubwa wa ekari 6,000 hivi, na takriban ekari 600 kati ya hizo zilipandwa kahawa. Chini ya sheria za wakati huo, maskwota waliruhusiwa kujenga na kulima sehemu ndogo ya shamba la mzungu kwa sharti la kumfanyia kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka. Ni ardhi ambayo wengi wao waliihesabu kuwa ya mababu zao.

Utoto wa Kamante ulikuwa wa mateso. Miguu yake ilijaa vidonda vikubwa vilivyokataa kupona, na mwili wake ulidhoofu hata akaonekana mdogo kuliko umri wake. Blixen alimkuta akichunga mbuzi shambani, akaanza kumtibu nyumbani kwake. Dawa zake hazikufua dafu. Hatimaye kijana huyo alipelekwa katika hospitali ya misheni ya Waskoti huko Kikuyu, ng'ambo ya Dagoretti, akakaa huko kwa muda wa miezi mitatu.

Alirejea siku ya Jumapili ya Pasaka, miguu yake ikiwa imezungushiwa bendeji hadi magotini. Ilionekana kana kwamba bado mgonjwa. Kumbe ilikuwa mbinu ya kumshtua mwenyeji wake kwa furaha: alipozifungua taratibu, miguu ilikuwa mizima. Alikuja pia na habari kwamba amekuwa Mkristo.

Tangu hapo Kamante akawa mtu wa nyumba hiyo. Alianza kwa kutunza mbwa, akasaidia kuwahudumia wagonjwa waliokuja kutafuta dawa, kisha akaingizwa jikoni kumsaidia mpishi mzee aliyeitwa Esa. Esa alipofariki, mwiko ukabaki mikononi mwa Kamante.

Hapo ndipo historia ya kijana huyu inapoungana na historia ya mikahawa. Katika mojawapo ya safari zake za kurudi Ulaya, Blixen alikuwa amejifunza upishi kwa mpishi wa Kifaransa katika mkahawa maarufu. Ujuzi huo wa mkahawani ndio aliokuja kumfundisha Kamante katika jiko la kuni huko Ngong, bila kitabu na bila mizani ya kisasa, kwa maneno ya mdomo na kwa kutazama.

Mwanafunzi akampita mwalimu. Kamante alimudu supu safi isiyo na tone la mafuta juu yake, michuzi ya Kifaransa inayokatika upesi pindi moto unapozidi, na unga wa kukunjwa mara nyingi unaofura na kuwa tabaka kwa tabaka. Alimudu pia vitamutamu vya ute wa yai na sukari, ambavyo huwashinda wapishi wengi hata leo penye majiko ya umeme. Blixen alipomletea mashine ya kupigia mayai, Kamante aliiacha ishike kutu, akaendelea kuupiga ute huo kwa kisu kilichokuwa kikitumika kupalilia bustani. Povu lake lilisimama imara kuliko la wengine.

Lakini aliyakumbukaje mapishi yote hayo bila kuyaandika? Kamante alibuni njia yake. Kila chakula alikipa jina kutokana na tukio la siku aliyojifunza kukipika. Mchuzi mmoja aliuita kwa radi iliyoupiga mti, na mwingine kwa farasi wa kijivu aliyekufa. Hivyo akilini mwake kalenda ya shamba ikawa ndiyo kitabu cha upishi. Majina yenyewe ya Kifaransa hayakumhusu.

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba hakuwa na hamu ya kula alichokipika. Alionja kwa tahadhari, kwa uso wa mtu mwenye mashaka, kisha akarudi kwa mahindi na viazi vitamu vya kwao. Pengine aliona huruma kwa bibi wa nyumba, kwa maana mara kwa mara alimletea kiazi kitamu cha kuchoma au kipande cha mafuta ya kondoo, kama mtu anayempa mwenzake fursa ya kula chakula cha kweli.

Kilele cha sifa zake kilikuwa Novemba 1928. Mwanamfalme wa Wales, Edward, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward wa Nane na kujiuzulu mwaka huo huo wa 1936, alikuwa akizuru Kenya. Alialikwa chakula cha jioni katika nyumba ya Blixen, na baada ya mlo akaonyeshwa ngoma za wenyeji. Miongoni mwa vyakula vilivyoandaliwa ni paja la nguruwe pamoja na mchuzi wa Cumberland, unaotengenezwa kwa jeli ya matunda, machungwa, haradali na mvinyo mtamu. Mwanamfalme aliusifu mchuzi huo. Kamante aliipokea habari hiyo bila majivuno, lakini hakuisahau. Hata baada ya siku nyingi kupita alirejelea suala hilo, akitaka kuhakikishiwa kwamba kweli mtoto wa mfalme aliupenda.

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kamante alisifiwa na warithi wa ufalme, na tembo lake halikupungua ukali.

Hata hivyo, ni lazima msomaji aitazame picha nzima. Wakati Kamante akipika, Nairobi tayari ilikuwa na sehemu zake za kula kifahari. Hoteli ya Stanley ilianza mwaka 1902, na Norfolk ilifungua milango yake Krismasi ya mwaka 1904. Klabu ya Muthaiga ilianza mkesha wa mwaka mpya wa 1914. Katika kumbi hizo, Mwafrika aliruhusiwa kuingia akiwa amebeba sinia. Kuketi na kuhudumiwa lilikuwa jambo lisilofikirika, na ubaguzi huo haukulegea hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Mwanamume Mwafrika alitembea mjini na kipande shingoni. Basi mpishi aliyeweza kuandaa mlo wa hadhi ya Paris hangeweza kuagiza hata kikombe cha chai katika hoteli iliyouza mlo kama huo.

Mwaka 1931 mambo yaliharibika. Shamba, ambalo mwinuko wake haukufaa kahawa na ambalo lilikuwa limezama katika madeni, liliuzwa. Mnunuzi aliligawanya liwe viwanja vya makazi, na huo ndio mwanzo wa mtaa wa Karen. Blixen alirejea Denmark mwaka huo. Kabla ya kuondoka aliwasihi wakuu wa serikali wasiwatawanye maskwota, na mwishowe serikali ikakubali kuwatengea sehemu ya hifadhi ya msitu wa Dagoretti ili wahamie pamoja.

Kwa Kamante, kuondoka kwa Blixen kulikuwa pigo la namna ya pekee. Ujuzi wake ulihitaji jiko la watu wenye uwezo na wageni wenye kujua tofauti. Kijijini hapakuwa na haja ya mchuzi wa mayai na siagi. Fundi wa mbao akifukuzwa hubaki na msumeno wake na bado watu watahitaji vitanda. Kamante alibaki na elimu ambayo wenye kuihitaji walikuwa wachache, na wao ndio walioamua nani aajiriwe.

Kwa miaka mingi aliendelea kumwandikia Blixen. Kwa kuwa hakujua kuandika, aliwatumia waandishi wa kulipwa waliokaa na meza zao karibu na posta mjini Nairobi. Barua hizo zilieleza shida ya kazi na matumaini kwamba bibi huyo angerudi. Hakurudi tena. Blixen alifariki Denmark Septemba 1962, mwaka mmoja na ushei kabla ya Kenya kujipatia uhuru.

Ulimwengu ulikuwa tayari umemjua Kamante kupitia kitabu cha Blixen, Out of Africa, kilichotoka mwaka 1937. Wengi walimpenda kijana huyo wa kitabuni. Wengine walikasirishwa na jinsi alivyochorwa. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika insha iliyomo ndani ya kitabu chake Moving the Centre cha mwaka 1993, alimshutumu vikali Blixen kwa kumlinganisha mpishi wake na mbwa aliyefunzwa. Hoja ya Ngũgĩ ni nzito, na mtu hawezi kuipuuza kwa sababu tu kitabu kimeandikwa kwa lugha tamu. Mapenzi ya bwana kwa mtumishi wake hayamwondolei mtumishi minyororo.

Bahati nzuri, Kamante hakuachwa asimuliwe na mwingine pekee. Mpiga picha wa Marekani, Peter Beard, aliyekuwa na kambi karibu na milima ya Ngong, alimtafuta na kuishi naye kwa karibu. Kwa msaada wa wanawe, simulizi za mzee huyo ziliandikwa na kuchapishwa mwaka 1975 pamoja na michoro aliyoichora kwa mkono wake, katika kitabu kiitwacho Longing for Darkness. Jacqueline Onassis, mjane wa Rais John Kennedy wa Marekani, alikiandikia maneno ya mwisho. Mtu aliyekuwa mhusika katika kitabu cha mwingine akapata kitabu chake, ingawa kilichapishwa ng'ambo na kwa Kiingereza.

Kamante alifariki mwaka 1985, mwaka uleule filamu ya Out of Africa ilipotolewa. Filamu hiyo ilizoa tuzo saba za Oscar mwaka uliofuata na kuvuta watalii wengi hadi Karen. Mwaka 1986 nyumba ya Blixen ilifunguliwa kuwa makumbusho. Watalii walileta njaa yao pia, na mikahawa ikaota kuizunguka.

Tangu wakati huo, kula nje kumekuwa sehemu ya maisha ya wakazi wa Nairobi. Chuo cha Utalii, kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, kimewafunza wapishi wengi ambao leo wana vyeti, kofia ndefu nyeupe na mishahara. Mkahawa wa Carnivore ulifunguliwa mwaka 1980 na kuifanya nyama choma ijulikane duniani. Kampuni za kigeni za kuku wa kukaanga na baga nazo zimeingia kwa kishindo katika miaka ya 2010. Mkenya mwenye pesa huketi popote anapotaka. Kizuizi cha rangi kimeondoka, kimebaki cha mfuko.

Lakini katika mikahawa mingi jina linaloandikwa mlangoni ni la mwenye mali, na linalotajwa kwenye orodha ya vyakula ni la nchi chakula kilikotoka. Anayesimama mbele ya moto kuanzia asubuhi, ambaye huenda amepanda matatu alfajiri kutoka Kabiria au Kawangware kwenda kupika Karen, hajulikani na anayekula. Mtaa mzima wa Karen umebeba jina lililo sawa na la aliyeketi mezani. Jina la aliyepika halisomeki kwenye ubao wa mtaa huo.

Katika makumbusho, jiko la nyumba hiyo limekarabatiwa na kuonyeshwa kwa umma. Wageni wengi hukimbilia kwanza sebuleni kuona vitabu na ngozi za wanyama. Mwenye kutaka kujua mapishi ya kifahari ya Nairobi yametoka wapi, afadhali aanzie jikoni.