Claude Bernard: Mtunzi Aliyekataliwa na Siri ya Ini

Utangulizi

Mswahili aliyeambiwa neno la kumuumiza husema neno hilo limemkata maini. Katika usemi huo ini ni makao ya uchungu, na lugha yetu imelipa kiungo hicho hadhi kubwa tangu jadi. Lakini kuhusu kazi halisi ya ini mwilini, wataalamu wa Ulaya wa mwanzoni mwa karne ya 19 hawakuwa na mengi ya kueleza isipokuwa kwamba hutengeneza nyongo. Aliyewafumbua macho ni Mfaransa Claude Bernard, mtu aliyeingia katika sayansi baada ya kushindwa kuwa mwandishi wa tamthilia.

Makala haya yanayaangazia maisha ya Bernard kwa kuzingatia jambo moja: kwamba alifika alikofika kwa sababu alikuwa tayari kupingwa na majaribio yake mwenyewe. Aidha, yanaonyesha kwamba maarifa hayo hayakupatikana bure. Wapo waliolipa gharama yake, na wengine wao hawakuulizwa kama wangependa kulipa.

Malezi na Safari ya Paris

Bernard alizaliwa tarehe 12 Julai 1813 katika kijiji cha Saint-Julien, eneo la Beaujolais, mashariki mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima wa mizabibu. Padri wa kijiji alimwanzishia Kilatini, kisha akaendelea na masomo katika shule za Villefranche na Thoissey. Hakuwa mwanafunzi wa kutajika. Mnamo mwaka 1832 alipelekwa kuwa mwanagenzi katika duka la dawa huko Vaise, kiungani mwa mji wa Lyon.

Inasimuliwa kwamba katika duka hilo dawa zilizoharibika hazikutupwa. Mabaki yote yalihifadhiwa na kutiwa katika mchanganyiko mmoja ulioitwa teriaki, ambao wateja waliuamini kuwa tiba ya karibu kila ugonjwa. Kijana Bernard aliyaona hayo kwa macho yake. Si ajabu basi kwamba baadaye maishani hakukubali dawa wala nadharia kwa sababu tu ilisifiwa na wengi.

Wakati huo mapenzi yake yalikuwa kwenye jukwaa. Alitunga mchezo mfupi wa kuchekesha, La Rose du Rhône, ambao uliigizwa na kupokelewa vizuri kiasi. Alipotiwa moyo, aliandika tamthilia ndefu ya kihistoria, Arthur de Bretagne, na mwaka 1834 akafunga safari kwenda Paris na mswada wake mkononi. Alimpelekea Saint-Marc Girardin, mhakiki na profesa wa Sorbonne. Girardin aliusoma, akamshauri ajifunze kazi nyingine ya kumpa riziki. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kufanya kazi katika duka la dawa, udaktari ungemfaa zaidi. Ushauri huo bila shaka ulimchoma kijana huyo, lakini aliufuata.

Hata katika udaktari hakung'ara upesi. Wenzake walimwona kama mtu mkimya asiyekuwa na dalili za makuu. Mambo yalibadilika alipokutana na François Magendie, mwanafiziolojia wa Collège de France, aliyeamini kwamba mwili haujulikani kwa kubuni nadharia bali kwa kuujaribu. Mwaka 1841 Magendie alimchukua kuwa msaidizi wake. Bernard alihitimu udaktari mwaka 1843 kwa tasnifu kuhusu maji ya tumboni yanayosaga chakula, lakini mwaka uliofuata alishindwa katika mtihani wa kuwania nafasi ya ualimu. Ikawa tena kama vile mlango umefungwa usoni pake.

Sungura na Kongosho

Mwaka 1846 sungura walionunuliwa sokoni waliletwa maabarani. Walipokojoa mezani, Bernard aligundua kwamba mkojo wao ulikuwa mweupe usio na ukungu tena wenye asidi, kama wa wanyama wala nyama. Kwa kawaida mkojo wa sungura huwa na ukungu na hauna asidi. Mtu mwingine angeufuta na kuendelea na shughuli zake. Bernard alijiuliza ni vipi mla majani awe na mkojo wa mla nyama, akakisia kwamba sungura hao walikuwa hawajalishwa kwa muda, hivyo walikuwa wakiishi kwa kuitumia nyama ya miili yao wenyewe. Aliwapa majani na mkojo ukawa na ukungu. Aliwanyima chakula na ukarudi kuwa mweupe. Kisha akawalisha nyama ya ng'ombe, na mkojo ukabaki mweupe kama alivyotarajia.

Alipowapasua sungura hao waliolishwa nyama aliona jambo jingine ambalo hakulitafuta. Vijishipa vinavyobeba mafuta kutoka utumboni vilikuwa vyeupe kama maziwa, lakini weupe huo haukuanzia pale nyongo inapoingilia utumbo. Ulianzia mbali chini yake, mahali ambapo mfereji wa kongosho la sungura unafungukia, zaidi ya sentimita 30 kutoka kwenye nyongo. Kutokana na hilo alionyesha kwamba maji ya kongosho ndiyo yanayoyavunja mafuta ya chakula ili mwili uweze kuyafyonza. Hadi wakati huo kongosho lilidhaniwa kuwa aina tu ya tezi ya mate iliyo tumboni. Inafaa kuongeza kwamba Bernard hakuipa nyongo haki yake. Mwanafunzi wake Albert Dastre alikuja kuthibitisha kwamba viungo hivyo viwili hushirikiana. Hata hivyo, msingi ulikuwa umewekwa: leo daktari anayemwona mgonjwa wa kongosho akipata choo chenye mafuta anajua chanzo chake.

Ini Lililooshwa

Katika miaka hiyo nadharia iliyotawala ilikuwa ya mwanakemia mashuhuri Jean-Baptiste Dumas na mwenzake Boussingault. Kwa mujibu wao, mimea ndiyo inayotengeneza sukari, wanga na mafuta, nao wanyama kazi yao ni kuvila na kuviteketeza. Bernard aliikubali nadharia hiyo, na alichotaka kujua ni mahali ambapo sukari huteketezwa mwilini. Alimlisha mbwa vyakula vya sukari, akaikuta sukari katika damu itokayo kwenye ini. Kwa uangalifu wa mjaribu akamlisha mbwa wa pili nyama tupu ili amlinganishe na wa kwanza. Hapo ndipo nadharia ilipovunjika: utumboni mwa mbwa huyo hamkuwa na sukari yoyote, lakini damu iliyotoka kwenye ini lake ilikuwa na sukari tele.

Bernard alirudia jaribio hilo tena na tena. Ilipobainika kwamba hakukosea, alikata shauri kuiacha nadharia na kushikamana na alichokiona. Mwaka 1848 alitangaza kwamba ini la mnyama hutengeneza sukari. Mwaka uliofuata alionyesha kwamba kuchoma kwa sindano mahali fulani katika sehemu ya nyuma ya ubongo kunasababisha sukari kutokea kwenye mkojo kwa muda, dalili ileile inayoonekana kwa wagonjwa wa kisukari.

Upinzani haukukawia. Mwaka 1855 Louis Figuier alidai kwamba ini halitengenezi chochote bali linahifadhi tu sukari iliyoletwa na damu kutoka utumboni. Mwaka huohuo, kwa sababu ya kukosa nafasi, Bernard aliacha kipande kimoja cha ini akakipima kesho yake badala ya siku ileile. Alikuta sukari imeongezeka sana. Badala ya kukilaumu kipimo, aliandaa jaribio ambalo hadi leo linafundishwa. Alimchukua mbwa mwenye afya aliyekuwa amelishwa nyama tu kwa siku kadhaa, akamuua saa 7 baada ya mlo mkubwa wa matumbo, akalitoa ini na kupitisha maji baridi katika mshipa wake kwa dakika 40. Sukari yote ikaoshwa, hata maji yaliyotoka pamoja na ini lenyewe havikuwa na sukari tena. Akaliacha ini hilo katika chombo. Baada ya saa 24 sukari ilikuwa imejaa tele ndani yake.

Ini lililokufa, lisilo na damu wala chakula, lilikuwa limetengeneza sukari. Kwa hiyo ndani yake kulikuwa na akiba isiyokuwa sukari, ambayo inageuzwa kuwa sukari. Mwaka 1857 Bernard aliitenga akiba hiyo na kuiita glikojeni, yaani kitu kinachozaa sukari. Ugunduzi huo ulileta fikra mpya kabisa: kwamba kiungo kinaweza kutengeneza kitu na kukimimina moja kwa moja kwenye damu. Kutokana na fikra hiyo alikuja kueleza kwamba damu na majimaji ya mwili ni mazingira ya ndani, na kwamba uhai huru unategemea mazingira hayo kutobadilikabadilika.

Gharama ya Maarifa

Maabara ya Collège de France ilikuwa chumba chenye unyevu na giza. Mshahara wa msaidizi ulikuwa mdogo, na mwaka 1845, akiwa karibu kukata tamaa na kurudi kijijini kuwa daktari, Bernard alimwoa Fanny Martin, binti wa daktari wa Paris. Kwa desturi za huko, mali ya ndoa ilitoka upande wa mke, na ndiyo iliyomwezesha kubaki maabarani. Hapa pana kejeli chungu: fedha za Fanny ziliendesha kazi ambayo Fanny aliichukia kupita kiasi.

Sababu yake haikuwa ndogo. Bernard aliwapasua mbwa, sungura na wanyama wengine wakiwa hai, na dawa za kulaza, yaani etha na klorofomu, zilianza kutumika katika upasuaji mnamo 1846 na 1847 tu, ilhali yeye alikuwa amekwisha kuanza. Inasimuliwa kwamba mbwa mmoja alitoroka akiwa na mrija wa fedha tumboni, na ikagunduliwa kwamba alikuwa mali ya mkuu wa polisi wa mtaa. Bernard aliitwa kujieleza, na kwa bahati mkuu huyo akawa mlinzi wake. Msomaji anaweza kucheka, lakini kilichomo ndani ya kisa hicho si cha kuchekesha kwa mbwa. Mabinti wawili wa Bernard walisimama upande wa mama yao. Wana wa kiume walifariki wachanga. Kufikia mwaka 1870 mume na mke walikuwa wametengana kisheria, na mabinti wakabaki mbali na baba yao. Bernard aliamini kwamba mateso ya mnyama yanahalalishwa na manufaa kwa binadamu. Hoja hiyo haikuwahi kuwashawishi watu wa nyumba yake, na mjadala wenyewe haujafungwa hata leo.

Mwili wake pia ulimgeuka. Katika miaka ya 1860 mchunguzi huyu wa tumbo aliugua maradhi ya tumbo yaliyomlazimu kurudi Saint-Julien kwa vipindi virefu. Akiwa huko, mbali na visu na mirija, alishika tena kalamu aliyokuwa ameshauriwa kuiweka chini. Mwaka 1865 alichapisha kitabu chake kuhusu misingi ya tiba ya majaribio, na katika kitabu hicho akaeleza waziwazi jinsi sungura, mbwa na ini lililoachwa kwa siku moja walivyomsahihisha. Mwaka 1866 Louis Pasteur aliandika makala ya kumsifu ili kumliwaza katika ugonjwa. Mwaka 1868 alichaguliwa kuingia Académie française, taasisi inayosimamia lugha ya Kifaransa. Mtunzi aliyekataliwa mwaka 1834 aliingia katika nyumba ya waandishi kwa mlango wa ini.

Hitimisho

Bernard aliaga dunia mjini Paris tarehe 10 Februari 1878. Serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa, heshima ambayo hadi wakati huo Ufaransa haikuwa imempa mwanasayansi yeyote.

Hata hivyo, haifai kumfanya mtu asiyekosea. Alikuwa na kongosho katika mkono mmoja na ini katika mkono mwingine, lakini hakuona jinsi cha kwanza kinavyokiamuru cha pili. Aliwahi kuliharibu kongosho kwa kulimiminia mafuta kwenye mifereji yake, na kwa kuwa wanyama hao hawakupata kisukari, aliendelea kutafuta chanzo cha ugonjwa huo katika ini na neva. Mwaka 1889 Joseph von Mering na Oskar Minkowski waliliondoa kongosho lote la mbwa na kisukari kikatokea. Mwaka 1921 insulini ilipatikana mjini Toronto. Leo inajulikana kwamba insulini ndiyo inayoliamuru ini kuweka akiba ya sukari badala ya kuimwaga, na kwamba metformini, dawa inayomezwa na wagonjwa wengi wa kisukari duniani pamoja na Afrika Mashariki, hupunguza sukari ambayo ini lenyewe hutengeneza. Vivyo hivyo, mtoto anayezaliwa bila kimeng'enya cha kuigeuza glikojeni kuwa sukari huvimba ini huku damu yake ikikosa sukari. Mwaka 1952 Gerty na Carl Cori walionyesha kwamba kasoro hiyo imo ndani ya ini lenyewe.

Magonjwa hayo yote yanaelezwa kwa kurejelea ini lile lililooshwa kwa maji kwa dakika 40 na kuachwa usiku kucha. Bernard hakuishi kuona mwisho wa njia aliyoifungua. Waliomfuata walimsahihisha kwa njia ileile aliyowafundisha: waliliuliza kongosho upya, nalo likawapa jibu tofauti na lake.