Tom Mboya

Thomas Joseph Odhiambo Mboya (Kilima Mbogo, 15 Agosti 1930 – Nairobi, 5 Julai 1969) alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na mwanasiasa wa Kenya. Alikuwa mbunge wa Nairobi, katibu mkuu wa KANU na waziri hadi alipouawa akiwa na umri wa miaka 38.

== Maisha ya awali ==
Mboya alizaliwa karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambako baba yake, Mjaluo kutoka kisiwa cha Rusinga, alikuwa msimamizi. Alisoma katika shule za misheni ya Kikatoliki, mojawapo ikiwa Mang'u, lakini aliacha masomo kwa kukosa karo. Akajifunza kazi ya mkaguzi wa afya, akaajiriwa na halmashauri ya Nairobi.

Mwaka 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Serikali ilikuwa imepiga marufuku KAU wakati wa hali ya hatari, hivyo shirikisho hilo likawa mojawapo ya sauti chache za Waafrika. Mwaka 1955 alisaidia kusuluhisha mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa, kisha akaenda kusoma Chuo cha Ruskin, Oxford.

== Uchaguzi wa 1957 ==
Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane tu. Haki ya kupiga kura ilitegemea elimu, mali au kipato, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura hadi tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa pia kuwa na cheti cha uaminifu kwa serikali.

Jijini Nairobi Mboya alimshinda wakili Argwings-Kodhek, aliyejulikana kwa kuwatetea washtakiwa wa Mau Mau. Wajumbe hao wanane walikataa kushika uwaziri wakidai viti zaidi. Mboya alikuwa katibu wao, na Oginga Odinga mwenyekiti. Desemba 1958 Mboya aliongoza Mkutano wa Watu wa Afrika Yote mjini Accra.

== Safari za wanafunzi ==
Kuanzia 1959 alichangisha fedha nchini Marekani ili kuwapeleka vijana vyuoni huko. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Mwaka 1960 alimwendea John F. Kennedy, na wakfu wa familia yake ukatoa msaada. Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliokwenda mwaka huo.

== Uchaguzi wa 1961 na 1963 ==
KANU ilipoanzishwa mwaka 1960, Mboya alichaguliwa katibu mkuu. Hata hivyo baadhi ya viongozi wa chama chake hawakumtaka, na mwaka 1961 alishindana na Dk. Munyua Waiyaki katika jimbo la Nairobi Mashariki. Wapiga kura wengi wa jimbo hilo walikuwa Wakikuyu, na mpinzani wake alikuwa Mkikuyu. Mboya alipata takriban kura 9 kati ya kila 10. Ushindi huo ulionyesha kwamba mfanyakazi wa mjini aliweza kumchagua kiongozi bila kutazama kabila.

Mwaka 1963 alichaguliwa tena, katika jimbo la Nairobi ya Kati. Alikuwa Waziri wa Kazi, kisha wa Sheria na Katiba, na tangu 1964 wa Mipango ya Uchumi. Wizara yake ndiyo iliyoandaa Waraka wa Bunge Na. 10 wa 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika.

Alikuwa mstari wa mbele katika kumwondoa Odinga kwenye uongozi wa KANU, katika mkutano wa Limuru wa 1966. Odinga alianzisha KPU. Mpasuko huo ulimwacha Mboya bila mshirika wa kwao, huku kundi lililomzunguka Rais Jomo Kenyatta likimwona kuwa tishio katika urithi wa urais.

== Kifo ==
Jumamosi, 5 Julai 1969, alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye Government Road, leo Moi Avenue. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alihukumiwa na kunyongwa mwaka huohuo. Swali kama alitumwa halijajibiwa.

Mauaji hayo yaliamsha ghasia na kuongeza uhasama kati ya Wajaluo na Wakikuyu, makabila yaleyale ambayo kura zao alikuwa amezikusanya pamoja mwaka 1961. Alizikwa Rusinga. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 2011 karibu na mahali alipouawa.